Mshororo Uliokatwa

Shairi la Le Lac la Alphonse de Lamartine lina beti 16 za mishororo minneminne, na katika mishororo yote 64 hakuna jina la mtu wala la mahali. Ziwa halitajwi. Mwanamke anayekumbukwa hatajwi. Nadhani ukimya huo ni sababu mojawapo iliyolifanya shairi lisafiri mbali hivi, hata likafika katika madarasa ya Kongo, ambako Kifaransa ndicho lugha ya masomo na ya mitihani, na mwanafunzi wa Bunyakiri anayesoma Latini na falsafa anaweza kulinakili daftarini bila mtu kumuuliza kama amewahi kuliona ziwa lenyewe.

Ziwa halionekani Bunyakiri. Ukitoka Bukavu unashika njia ya Miti, unaliacha Ziwa Kivu nyuma yako, unapanda hadi Tshivanga, unapita ndani ya Mbuga ya Kahuzi-Biega kati ya mianzi na ukungu, kisha unateremka upande wa pili mpaka Bulambika, huko Bunyakiri. Mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, umesimama katikati. Hata maji ya pande hizi mbili yameachana. Ya Bunyakiri hushuka magharibi yakaingia Lowa, na Lowa ikaingia Lualaba. Ya Kivu hutoka kwa Ruzizi, yakazunguka Tanganyika, yakatokea Lukuga, na mwisho wa safari hiyo ndefu yakafika Lualaba ileile. Basi anayelisoma shairi la ziwa huko hawezi kuchungulia dirishani akathibitisha kinachosemwa. Itambidi alisikie kwanza. Naona hiyo ni bahati, kwa kuwa shairi lenyewe lilijengwa kwa ajili ya sikio kuliko jicho.

Darasani kwa kawaida mambo huanzia upande mwingine. Mwalimu huandika ubaoni dhamira: wakati unapita, mapenzi hayadumu, maumbile yanabaki. Wanafunzi wananakili, kisha wanaorodhesha tamathali za semi, tashihisi hapa, takriri pale, na kazi imekwisha. Hakuna uongo katika orodha hiyo. Tatizo ni kwamba ingeweza kuandikwa juu ya mashairi elfu. Wakati unapita: bibi yeyote wa Kalehe angekwambia bila kusoma Kifaransa. Kinachobaki kuelezwa ni kwa nini maneno haya, kwa mpangilio huu, bado yanamshika mtu koo miaka 200 baadaye, na jibu lake halimo katika dhamira. Limo katika kuhesabu.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna vifaa vya kazi hiyo tayari mikononi. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, alikuwa akiweka katika kitabu kile ambacho masikio ya pwani yalikijua tangu zamani: kwamba mshororo una uzito unaopimwa kwa silabi, una ukwapi na utao, na pumzi hutuliwa kati yake. Shairi letu la kawaida hubeba mizani 16, nane kwa nane. Mshororo mkuu wa Kifaransa, ule wanaouita aleksandrini, hubeba 12, sita kwa sita. Tuna kikai chenye 12 pia, lakini chetu hukatwa nane kwa nne, na ukikizoea hicho aleksandrini huonekana imenyooka mno, mabega yake mawili sawasawa. Waingereza hufuata njia nyingine kabisa: mshairi wao Wordsworth alipima kwa mkazo wa sauti, unaopanda na kushuka, na ndiyo maana mwanafunzi wetu aliyefunzwa mizani hupotea haraka zaidi katika shairi la Kiingereza kuliko katika la Kifaransa. Mfaransa na Mswahili, kwa jambo hili, wamekaa mkeka mmoja.

Isipokuwa irabu moja. Katika Kiswahili, na katika Kitembo cha Bunyakiri pia, kila irabu ina haki yake, ukiiona unaitamka na ukiitamka unaihesabu. Kifaransa kina ile e dhaifu ya mwisho wa neno ambayo katika mazungumzo humezwa. Katika ushairi haimezwi ovyo. Ikifuatwa na konsonanti, inahesabiwa mizani kamili. Ikifuatwa na irabu, inayeyuka. Ikiwa mwisho wa mshororo, haihesabiwi, ila huuachia mshororo mkia mwororo. Mwanafunzi anayesoma kwa lafudhi ya redio atapata mizani 11 au 10 na kumlaumu mshairi. Anayefuata kanuni atapata 12, kila mara, na hapo ndipo atakapogundua jambo la kufurahisha: kanuni hii inamlazimisha asome polepole. Zile e zilizofufuliwa zinaupunguza mwendo wa sentensi, zinaweka hewa kati ya konsonanti, na shairi linalolalamika kwamba wakati unakimbia linasomwa, kwa amri ya mizani yake lenyewe, taratibu kuliko usemi wowote wa kila siku.

Tena katika ubeti wa nne, penye sauti ya makasia usiku, mshairi anafunga kwa neno refu lenye irabu mbili zinazogusana. Katika usemi wa kawaida zingetamkwa kwa pigo moja. Mizani inataka mawili. Ulimi unalazimika kulitandaza neno hilo, na ni neno la kusifu mlio wa mawimbi. Huwezi kulisema kwa haraka hata ukitaka.

Sasa tuje kwenye lile ninaloliona kuwa kitovu cha ufundi wote. Beti tano za kwanza zina mishororo mitatu ya mizani 12, na wa nne una sita tu. Nusu. Wajuzi wetu wa arudhi wana jina la umbo hili: ni msuko, shairi ambalo mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko wenzake. Mwanafunzi wa Bunyakiri anayeambiwa kwamba Le Lac ni msuko ameelewa zaidi kuliko aliyepewa kurasa tatu za maisha ya Lamartine. Kwa nini? Kwa sababu mishororo mitatu mirefu imekwisha kulizoesha sikio. Sikio limejifunza sita, kituo, sita, kituo, mara tatu, nalo linadai mara ya nne. Linapewa sita, kisha hakuna. Ni sawa na mtu anayevuka mto juu ya gogo: hatua tatu amezipima, ya nne mguu wake unakuta ukingo kabla hajautarajia, na mwili mzima unashtuka ingawa hakuanguka.

Kushtuka huko ndiko maana ya shairi. Ubeti wa kwanza ni swali moja refu: sisi tunaosukumwa daima kuelekea pwani mpya, ndani ya usiku usio na kurudi, je, hatutaweza kamwe kutia nanga walau siku moja? Ombi hilo la siku moja limewekwa katika mshororo mfupi. Kinachoombwa ni kidogo, na nafasi iliyopewa ombi ni ndogo vilevile. Kabla msomaji hajaelewa kwamba shairi linahusu muda uliokatwa, ameshakatiwa muda kinywani mwake.

Historia yenyewe inajulikana vizuri. Lamartine alizaliwa Mâcon mwaka 1790. Mwaka 1816, huko Aix-les-Bains kando ya ziwa Bourget, alikutana na Julie Charles, mwanamke mgonjwa wa kifua aliyekuja kutafuta nafuu. Alikuwa mke wa mtu, na mume wake ni yule mwanafizikia Jacques Charles ambaye wanafunzi wetu wa sayansi humkuta katika somo la gesi, kwamba gesi ikipata joto hutanuka. (Ukoo wa fasihi na ukoo wa maabara hukaribiana kuliko walimu wanavyosema.) Wapenzi waliahidiana kukutana tena ziwani mwaka uliofuata. Julie hakuweza kusafiri. Lamartine akafika peke yake mwaka 1817, akaketi, akaanza kutunga. Julie alifariki Desemba mwaka huohuo, na shairi likatoka mwaka 1820 katika kitabu cha Méditations poétiques.

Tazama tarehe hizo tena. Shairi lilipoanza kutungwa, Julie alikuwa hai. Wengi hulisoma kama tanzia, na sauti yake kweli ni ya tanzia, lakini aliyeandika alikuwa analia juu ya mtu ambaye bado angeweza kumwandikia barua. Kilichokuwa kimekufa ni siku fulani ya mwaka uliopita. Kwangu mimi hilo linalifanya kuwa kali zaidi.

Mwaka uleule wa 1817, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga beti zake za mishororo minne, za mapenzi, za siasa, za kejeli. Hawakujuana na hawangeweza kujuana. Ninapenda tu kuwaweka katika mwaka mmoja, kwa sababu tumezoeshwa kufikiri kwamba Ulaya ilikuwa na ufundi na sisi tulikuwa na mapokeo, ilhali wote wawili walikuwa wanahesabu silabi.

Turudi kwenye shairi. Mwisho wa ubeti wa tano sauti nyingine inaingia, ya mwanamke, na hapo mizani inabadilika. Kwa beti nne tunapata 12, sita, 12, sita. Mkato uliokuwa unatokea mara moja kwa ubeti sasa unatokea mara mbili. Anayezungumza anauomba wakati usimame, anaziomba saa zisitishe safari yake, na kila ombi linapotolewa pumzi inakatika katikati. Sijui kusoma beti hizi bila kusikia kifua cha mgonjwa. Anaanza sentensi kwa nguvu, inamfikisha nusu, anapumzika, anaendelea. Halafu anapomaliza, msimulizi anarudi na umbo lake la tatu kwa moja, na unasikia tofauti ya mapafu mawili. Hakuna aliyetuambia kwamba mwanamke huyu ni dhaifu. Mizani imetuambia.

Mshororo wa mwisho wa usemi wake ndio ninaoupenda kuliko yote. Una mizani sita tu, na hizo sita zimegawanywa tena pande mbili: upande mmoja wakati umepewa kitenzi cha maji, upande wa pili sisi binadamu tumepewa kitenzi cha kupita njia. Basi. Hakuna kivumishi. Baada ya mapambo yote ya usiku, makasia na mawimbi, mshairi anavua kila kitu na kubakiza viwakilishi na vitenzi. Mwanafunzi anayetafuta tamathali atauruka mshororo huu kwa kuwa hauna cha kupigia mstari.

Taswira zake, kwa upande mwingine, zinahitaji jicho la ukali kidogo. Lamartine anatumia maji ya aina mbili. Kuna ziwa, lenye ufuko, lenye jiwe ambalo mwanamke aliketi, lenye povu linalogusa miguu. Na kuna bahari ya zama, isiyo na bandari wala ukingo, ambamo sote tunaelea. Shairi zima linatikiswa kati ya maji haya mawili: yale madogo unayoweza kuyazunguka kwa macho, na yale makubwa yanayokumeza. Kama ziwa lina mwambao, basi labda linaweza kuzuia kitu kisipotee. Hiyo ndiyo hoja yake yote, na imejengwa kwa picha tupu bila neno moja la falsafa.

Picha ya makasia nayo inastahili kuangaliwa na mtu wa Kivu. Usiku, kimya, na sauti pekee ni ya wapiga kasia wanaopiga maji kwa kipimo. Anayeishi Bukavu anaijua sauti hiyo. Wavuvi wa sambaza hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma, taa zikingoja giza, nao huimba ili makasia yaingie majini pamoja. Samaki wenyewe ni wageni; walipandikizwa kutoka Tanganyika miaka ya mwisho ya ukoloni. Wimbo ni wa kazi, unapimwa na misuli. Katika Le Lac wapiga kasia hawana uso wala wimbo, wamegeuzwa kuwa saa inayogonga nyuma ya mapenzi ya watu wengine. Mvuvi wa Kivu angekuwa na haki ya kuuliza ni nani alikuwa akipiga hayo makasia, na alilipwa ngapi. Swali hilo haliharibu shairi, ila linaonyesha mahali mshairi alipofumba macho.

Alifumba mahali pengine pia. Akifika kuyaita maumbile yatoe ushahidi, anaita ziwa, miamba, mapango, na msitu, na msitu anausifu kwa kuwa na giza, basi. Mtoto aliyekulia kando ya Kahuzi-Biega, msitu wenye sokwe wa Grauer na mianzi juu, na chini miti mikubwa ya joto inayoendelea mpaka Walikale, anajua kwamba msitu si kitu kimoja. Batembo wana jina la mti wa kuchonga, la mti wa dawa, la mti ambao ukiuona ujue kuna maji karibu. Lamartine anataja mti wa aina moja tu, misunobari myeusi. Miamba yake haina rangi. Ukimtaka aliyeyatazama maumbile kwa subira, Lamartine si mtu wako. Mchukue Wordsworth, aliyetembea vilima akitazama. Lamartine alikuwa na sikio kubwa na jicho la kukopa.

Jirani tu na Bunyakiri, kwa Banyanga, kuna ufundi mwingine unaosaidia kupima jambo hili. Karisi ya Mwindo, yaani utenzi wa kishujaa, aliyoitongoa Candi Rureke kwa siku 12 mwaka 1956 na ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969, husimuliwa, huimbwa na huchezwa, na vijana hupiga vijiti juu ya mwanzi mkavu ili kuibeba. Humo radi, Nkuba, ni mhusika mwenye hasira na urafiki. Mukiti, joka la majini, anaoa. Maumbile yana nia yake, yanaweza kukukubalia au kukukatalia. Katika Le Lac maumbile hayafanyi lolote. Yanaombwa tu. Mshairi anaongea, ziwa linanyamaza, na huzuni yote inatokana na kwamba halijibu. Nilizoea kusikia ikisemwa kwamba Waromantiki wa Ulaya waliyapa maumbile uhai. Ukitoka kwenye karisi na kuingia Le Lac unaona kinyume: uhai umeondoka majini, na mwanadamu anajaribu kuurudisha kwa kulia.

Majaribio yenyewe ni ya ajabu kiufundi. Beti za mwisho zinaanza mara kwa mara kwa namna ileile ya kuomba: na iwe katika utulivu wako, na iwe katika tufani zako, katika upepo, katika mwangwi wa kingo. Kiswahili kina hali hii ya kitenzi na tunaitumia kila siku kwa dua, kwa hiyo msomaji wetu anaitambua papo hapo. Ubeti wa mwisho unavuta zaidi. Unataja upepo, unataja matete, unataja harufu ya hewa, unataja kila kinachosikika na kuonekana na kuvutwa puani, na muda wote huo kitenzi kikuu hakijaja. Mishororo mitatu ya aleksandrini imejaa viumbe waliosimama foleni wakingoja waambiwe la kufanya. Kisha mshororo mfupi, mizani sita, na katika sita hizo amri imo, na ushahidi wenyewe umo: kitenzi kimoja cha kupenda, wakati uliopita, bila kusema nani alimpenda nani. Ule mkato ambao kwa beti 15 ulikuwa ni hasara, mara hii unatosha. Umbo halikubadilika hata silabi moja. Kilichobadilika ni tunavyolisikia.

Wapo wanaosema shairi hili ni la machozi ya wenye nafasi, na kwamba watu wa milima yetu wana ya kulilia makubwa kuliko mapenzi ya kiangazi. Bunyakiri imekimbiwa na kurudiwa mara nyingi tangu 1996, na wapo waliozikwa msituni bila alama. Naielewa hoja hiyo na sehemu yake naikubali. Lakini nimeona pia kwamba ombi la kuuambia mwamba ukumbuke halimchekeshi mtu ambaye mwamba ndio alama pekee iliyobaki. Msomaji wa Paris anaweza kulichukua kama pambo. Huko kwenye miteremko ya mto Luhoho lina mtu wake na mahali pake.

Kwa anayelikariri mbele ya darasa nina ombi moja la kiufundi. Wengi wakifika kwenye mshororo mfupi huona aibu ya ufupi wake, wakauvuta, wakarefusha irabu mpaka ujae muda wa mizani 12, wengine hata wakatikisa mkono hewani. Usiujaze. Utamke kwa mwendo uleule wa mishororo mitatu iliyotangulia, funga mdomo, zihesabu kichwani zile sita ambazo hazikuandikwa, moja mpaka sita, ndipo uanze ubeti unaofuata.